Udongo Kwenye Viroba

Simu ya Edgar ilimkuta Dastan juu ya paa la jiko, akipigilia bati lililoinuliwa na upepo. Aliipokea huko huko juu, misumari mdomoni, na kabla hajaitema yote alikuwa ameshakubali.

"Mpanda, ndugu yangu!" Edgar alisema. Huyu Edgar walifahamiana Maswa kwenye pamba, naye alikuwa mtu wa kuhamahama vilevile. "Kuna shamba la kukodi huku, hujapata kuona. Mahindi yanakupita kichwa. Jumamosi kuna lori litapita hapo kwenu Bweranyange na maharage, nyuma lina nafasi, nimeshaongea na dereva. Pandeni wewe na mama na vyombo vyenu."

"Udongo wake?" Dastan akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia binti wa watu.

"Mweusi. Tifutifu. Ukiufinya unashikana, ukiuachia unamwagika."

Basi, yakaisha. Dastan akashuka, akaliacha bati likining'inia, na tangu hapo hakukaa kitako. Aliingia ndani, akatoka. Akaenda barabarani kuangalia kama lori litapata pa kugeuzia, na siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

Anayesema Dastan alikuwa mvivu anamwonea. Akilima, analima kweli, na jua humkuta shambani. Tatizo lake lilikuwa miguu. Akishamaliza misimu miwili mitatu mahali, udongo ule ule aliousifu huanza kumchosha, na habari za udongo wa mbali humkosesha usingizi. Kilombero alilima mpunga kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji, akasema hapa ndipo nitakapozeekea. Mwaka wa pili akagundua kuna mbu. Maswa alilima pamba na dengu kwenye mbuga nyeusi, ile inayopasuka kiangazi mpaka mpini wa jembe unatumbukia, na masika inang'ang'ania miguu hadi viatu vinabaki humo. Newala ilikuwa kichanga. Huko waliwaokotea watu korosho, wakapanda muhogo na karanga zao pembeni, na Dastan akalalamika kwamba udongo ule haushiki maji, haushiki mbolea, wala haushiki mtu. Rungwe walipanda viazi kwenye udongo wa majivu ya volkano, mwepesi na mweusi, unaootesha chochote unachodondosha. Hapo hakuupata na kasoro, kwa hiyo akaanza kuilaumu baridi.

Kote huko walikuwa wapangaji, na kila mwenye shamba aliwapa sharti lile lile: pandeni vya msimu tu. Mahindi, maharage, viazi, sawa. Mgomba, mbuni, mkorosho, marufuku, kwa sababu anayepanda mti wa kudumu, kesho atasema shamba ni lake. Sharti hilo halikumsumbua Dastan hata kidogo. Yeye alikuwa mtu wa kuvuna na kufunga mizigo.

Lililomsumbua lilikuwa la nyumbani. Baba yake, mzee Kahigi, alipogawa ardhi, kibanja chenye nyumba, migomba, mibuni ya zamani na makaburi ya mababu kilikwenda kwa kaka mkubwa, Mugisha, kama desturi inavyotaka. Dastan akapewa kipande cha rweya juu ya kilima: nyasi tupu, udongo mwekundu mwembamba juu ya changarawe, mahali pa kuchungia ng'ombe na kukatia majani ya kutandaza kwenye migomba ya wengine. Aliokota kokoto mbele ya ukoo mzima, akaitupa, akasema yeye hali mawe. Wiki hiyo hiyo akaondoka na mkewe Joanitha, akaanza kuzunguka nchi kutafuta udongo unaomstahili.

Aliyewarudisha ni Joanitha. Kule Rungwe alipachika chipukizi moja la mgomba nyuma ya kibanda chao, kwa kuwa tu alikumbuka kwao Bugomora. Mwenye shamba akaliona, akamwambia aling'oe. Joanitha aling'oa, akalitupa mtaroni, akaingia ndani akaanza kukunja nguo.

"Unakwenda wapi?" Dastan akamuuliza.

"Kwenye mawe yako," akajibu, bila kugeuka.

Huo sasa ulikuwa mwaka wa nne. Joanitha alikuwa na kichwa kigumu, na kila mtu kule chini kwa shemeji yake alilijua hilo kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Alichagua sehemu ndogo nyuma ya jiko na kila kilichotoka nyumbani akakipeleka pale: majivu, makapi ya maharage, maganda ya ndizi za kununua, maji aliyooshea vyombo. Alishuka kila asubuhi na ndoo kuomba samadi zizini kwa Mugisha, akapanda nayo kilima ikiwa kichwani. Wanawake wa kule walimcheka. "Mama Koku, unalisha mawe?" walimwita, kwa jina la binti yao Kokushubira aliyekuwa shule ya bweni. Naye aliwajibu kwamba ndiyo, anayalisha, na yanakula vizuri kuliko waume zao. Alikata nyasi za rweya akatandaza. Mvua ikazisomba, akatandaza tena. Migomba aliyopewa na mama yake ikasinyaa yote mwaka wa kwanza, akaenda Bugomora kuchukua mingine.

Sasa nyuma ya jiko palikuwa na kivuli. Udongo ulikuwa mweusi, wenye minyoo mizuri minene, na migomba ilikuwa imezaa. Katikati ya migomba kulikuwa na mibuni iliyochanua mwaka huu kwa mara ya kwanza. Punje zake za kijani zilikuwa ndiyo kwanza zinashika. Joanitha alizikagua kila siku kabla ya kunywa chai. Dastan alikula ndizi za pale na kuzisifu, lakini upande ule hakuwahi kutia jembe. Yeye alikuwa mbele ya nyumba na muhogo na njugu mawe, akigombana na kokoto.

"Baba Koku, mimi siendi," Joanitha alisema alipoambiwa habari za Mpanda. Alikuwa anamenya ndizi na hakuinua macho. "Nimepanga kwa watu mpaka nimechoka. Koku akifunga shule aje akute nyumba, asikute namba ya simu."

"Lakini hujaona udongo wenyewe! Tifutifu!"

"Siuachi udongo wangu."

"Udongo si upo kila mahali?"

"Huu haupo kila mahali," akasema, akakusanya maganda, akaenda kuyamwaga palepale nyuma ya jiko.

Siku iliyofuata zikaja habari kwamba shangazi yake Joanitha amefariki kule Kaisho. Alijifunga kanga, akafunga kifurushi chake, na akiwa ameshakaa kwenye pikipiki akamtazama mumewe kwa muda. Akakaza fundo la kifurushi. Akasema tu kwamba atarudi Ijumaa baada ya matanga.

Asichokijua ni kwamba shamba lilikuwa limeshaahidiwa. Dastan alikuwa amempa mkono Anastazi, jirani ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani, na ambaye alilima vibarua kwenye vibanja vya watu bila kuwa na chake. Watapatana baadaye, waliambiana. Kwanza Dastan ahame. Anastazi alirudi kwake akiimba. Dastan naye alifurahi kumfurahisha mtu, maana alikuwa na moyo mwema, na mtu mwenye moyo mwema na miguu isiyotulia ana uwezo wa kuharibu mambo mengi kwa mpigo.

Alizunguka nyumba siku nzima. *Siuachi udongo wangu.* Neno hilo lilimkera, halikuwa na pa kulishikia. Angemshawishi vipi mtu juu ya udongo? Alhamisi asubuhi, akiwa na kikombe cha chai mkononi, jibu likamjia, akacheka peke yake hadi chai ikamwagika. Nani alisema auache? Si mara moja alikuwa ameona malori yakibeba udongo wa msituni kupeleka kwenye vitalu vya miche. Lori lipo, nafasi ipo, viroba vipo. Joanitha akirudi atakuta udongo wake umefungwa vizuri unamsubiri, na machipukizi yake, na mibuni yake, na hatakuwa na sababu tena. Aliona kabisa uso wake utakavyokuwa. Alifanya jambo lile kwa mapenzi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Akaanza na migomba. Aliangusha mashina, akang'oa machipukizi, akayapanga kivulini kwa uangalifu mkubwa. Akachimba mibuni, kila mmoja na bonge lake la udongo, akaifunga kwa magome ya migomba. Kisha akaanza kuchota. Mawe! akasema, kama watu wa kwao wanavyomwita mama wakistaajabu; udongo ulikuwa mzuri. Aliuchukua kiganjani, akaufinya, ukashikana, akauachia, ukamwagika. Akajisikia mjinga kidogo kwamba umekuwa hapo nyuma ya jiko muda wote huu naye anaulizia wa Mpanda. Lakini hilo halikumsimamisha, aliongeza mwendo tu.

Jembe likalia.

Akasogea pembeni, akapiga tena. Likalia. Akaenda kwenye kona ya mbali, karibu na choo, akapiga kwa nguvu, na cheche ikaruka. Weusi ulikuwa wa kufika kwenye kiwiko katikati, na kwenye kingo ulikuwa kama unene wa kiganja. Chini yake, kila mahali, ilikuwa ni changarawe nyekundu, ile ile ya upande wa mbele.

Dastan alikaa chini ndani ya shimo. Alizaliwa kwenye kibanja, akakulia kwenye kibanja, na maisha yake yote alidhani weusi ule unatoka chini, kwamba kuna waliobahatika kuukuta na kuna walionyimwa, na kwamba baba yake alimnyima. Kumbe unatoka juu. Unakuja kwa ndoo. Kwenye ukuta wa shimo aliona mistari ya majivu, vipande vya mkaa, maganda ya mayai, makapi ambayo hayajaoza bado. Aliwaza bibi yake na bibi wa bibi yake kule chini wakimwaga na kumwaga, na hakuna hata siku moja aliyowahi kuwatazama wakifanya hivyo.

Akageuka kutazama viroba. Viliegemea ukuta wa jiko, vichache mno. Miaka minne ya mkewe haikutosha hata kufunika sakafu ya lori. Kule Mpanda, kwenye shamba la mtu, vingemwagwa siku moja na visingeonekana tena.

Hapo woga ukamshika. Ijumaa ilimkuta bado yuko ndani ya shimo, hajaoga, hajui arudishe vipi. Changarawe aliyoilegeza ilikuwa imeshachanganyika na weusi uliobaki. Mibuni ilikuwa imelegeza majani. Alikuwa anaimwagia maji, mmoja baada ya mwingine, pikipiki iliposimama nje.

Joanitha akazunguka nyumba akiwa na kifurushi chake. Akaona.

"Mawe!" alisema, mara moja tu.

Akaenda kwenye mibuni, akachuchumaa, akagusa tawi. Punje za kijani zikadondoka kiganjani mwake bila hata kuvutwa.

"Nimeutia kwenye viroba," Dastan alisema, "ili twende nao." Akajisikia anavyosema, akatamani shimo limfunike.

"Na hapa anakaa nani?"

"Anastazi. Nilimpa mkono."

Joanitha alikaa juu ya kiroba kimoja. Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta. "Kote tulikokwenda nilikuwa nang'olewa," akasema. "Kilombero, Newala, kote. Sikulia hata siku moja. Mashamba yalikuwa ya watu, wana haki. Leo nimeng'olewa na nani, Baba Koku? Niambie."

Dastan aliinama. Akanyanyua kiroba cha karibu, akafungua kamba, akataka kumwaga.

"Acha!" Joanitha alikuwa ameshasimama. "Usimwage hata kiganja. Udongo wangu siurudishi kwenye ardhi ambayo mtu akipiga simu inaondoka. Kesho kamwite Mugisha, na mwenyekiti wa kitongoji, na huyo Anastazi. Mseme mbele yangu hapa ni pa nani. Ikiwa ni pako, nitabeba viroba vyangu kichwani, kimoja kimoja, mpaka Bugomora kwa mama."

Wakaja Jumamosi asubuhi. Waliamkiana shikamoo na marahaba kama kawaida, lakini kila mmoja alikuwa anachungulia nyuma ya jiko. Mugisha alipoliona shimo alitingisha kichwa, na aliposikia kinachotakiwa alitingisha zaidi.

"Shemeji, waitu, tafadhali nisikilize," alisema. "Kazi yako tumeiona. Lakini kibanja cha ukoo kupewa mwanamke, hilo mzee Kahigi hakulifanya, na babu hakulifanya."

"Kwani ukoo uliacha kibanja hapa, shemeji?" Joanitha akamuuliza. "Nyinyi mliacha nyasi. Zichukueni nyasi zenu. Mimi naulizia kilichoko kwenye viroba."

Mwenyekiti akakohoa kuficha kicheko. Mugisha akafungua mdomo kujibu, na hapo hapo honi ikalia barabarani.

Lori lilikuwa limefika. Dereva akapiga honi tena, akatoa kichwa dirishani. "Dastan ni yupi? Mizigo iko wapi? Tuna safari ndefu!"

Wote wakamgeukia Dastan. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda, aliiona yenyewe inakwenda. Alifika barabarani, akashika mlango. Harufu ya dizeli na maharage makavu ikampanda, harufu aliyoipenda kuliko harufu yoyote, ya asubuhi za kuondoka. Angeweza kupanda hivyo alivyo. Shimo, mkewe, Mugisha, aibu yote ingebaki nyuma kwenye vumbi, na jioni angekuwa Kakonko anakunywa chai na wageni wasiojua lolote juu yake. Aligeuka. Joanitha hakuwa anamwita. Hakuwa hata anamtazama. Alikuwa anaifunika mibuni kwa majani ya migomba ili jua lisiimalize.

"Nenda tu," Dastan akamwambia dereva. "Mwambie Edgar nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Nenda, bwana!"

Akarudi huku lori likinguruma nyuma yake, na kila mngurumo ukimvuta mgongoni. Hakungoja mtu amuulize. Alikwenda kwenye ua, akakata vijiti vya mlamula, mti ule ambao wazee hupanda mipakani na hakuna anayethubutu kuung'oa, akavipeleka kwenye kona zote za kipande chake: kule mbele kwenye njugu, kule nyuma, kando ya choo. Akavipanda yeye mwenyewe, mbele ya wote.

"Nilipewa na baba," akasema, akitweta. "Nami nimempa Joanitha. Hapa pote. Mnishuhudie."

Mwenyekiti akasema amesikia. Mugisha alichukua fimbo yake akashuka kilima bila kuaga, na ilieleweka kwamba watu wa kule chini watakuwa na la kuongea hadi mavuno. Anastazi ndiye aliyebaki amesimama, kofia mkononi. "Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu," alisema taratibu.

"Nisamehe, ndugu yangu," Dastan akasema.

"Uliahidiwa na mtu asiye na cha kuahidi," Joanitha akamwambia Anastazi, kwa upole. "Hasira zako ni halali. Mimi mwenyewe ninazo." Akamfungia machipukizi ya mgomba matatu akayapande kwake, popote atakapopata pa kupanda. Anastazi akayapokea kwa mikono miwili, akaenda zake.

Walibaki wawili. Dastan aliangalia shimo, akaangalia viroba.

"Nianze?" akauliza.

"Changarawe kwanza, iende chini. Ukishaisawazisha, weusi juu. Usichanganye. Na hiyo uliyokwisha kuichanganya, uichambue."

"Kwa jembe?"

"Kwa mikono."

Akaingia shimoni. Joanitha akavuta kigoda, akakaa kivulini kwa ukuta, akawa anayakata machipukizi mizizi iliyovunjika. Kokoto ziligongana. Dastan alizitenga, akazitupa upande mmoja. Vidole vikachubuka, akaendelea.

"Mama Koku."

"Enhe."

"Na mimi je? Nakaa?"

Joanitha aliinama kwenye rundo. Alichukua chipukizi, akaligeuza, akalitupa kwenye yale yasiyofaa.

"Sijui, Baba Koku. Maliza kwanza kufukia."

Dastan akainama tena. Mashamba yote aliyopita katika nchi hii aliyaacha mwenyewe, kwa hiari yake, na mara nyingine akiimba. Hakuwahi kulala na wasiwasi wa kuambiwa ondoka. Sasa wasiwasi huo ulikuwa wake. Akachota changarawe kwa viganja, taratibu, akichambua hata punje ndogo kabisa ya weusi isipotee, na kila baada ya muda aliinua kichwa kidogo kuangalia kama mwenye shamba bado anamtazama.